HABARI ZA KALE: MERIKEBU YA WAFUNGWA NA NJIA YA GWASSI

Wavuvi wa Sori, katika ghuba ya Karungu, wanapotweka tanga alfajiri huiona milima ya Gwassi imesimama upande wa kaskazini, nyeusi juu ya maji. Kwao ni alama ya kujua njia, na pia ni alama ya kujua mvua itokako. Lakini katika tarehe ya Kenya milima hiyo ilipata kuwa na kazi nyingine. Kwa muda wa miaka karibu 30 ilikuwa ni mahali pa kuwawekea watu ambao Serikali ya Koloni haikuwataka wakae kwao. Na kisiwa cha Mfangano, kilicho mbele yake, nacho kilipata wageni wa namna hiyo hiyo.

Adhabu ya kumwondoa mtu katika nchi yake na kumtupa mbali haikuzaliwa katika Nyanza. Waingereza walikuwa wakiitumia juu ya watu wao wenyewe tangu zamani, kabla hawajaijua Mombasa wala Kisumu, na chombo chao cha kuitimizia kilikuwa ni merikebu ya matanga. Mwenye kutaka kuelewa yaliyotendeka Gwassi hana budi kwanza kuijua merikebu hiyo, maana mtoto hufahamika zaidi ukimjua mzazi.

Katika karne ya 18 sheria za Uingereza zilikuwa kali mno kwa mwizi. Makosa mengi ya mali, hata mengine madogo, yaliweza kumpeleka mtu kwenye kitanzi. Majaji walipoona haya kuwanyonga watu wengi kiasi hicho, ilitafutwa adhabu ya katikati, yaani kumpeleka mkosaji ng'ambo ya bahari kufanya kazi kwa miaka 7, au 14, au maisha yake yote. Sheria ya mwaka 1718 iliitengeneza desturi hiyo vizuri, na kwa muda wa miaka kama 60 wafungwa wapatao 50,000 walipelekwa katika makoloni ya Amerika. Kisha Wamarekani wakaasi, wakajitangazia uhuru wao mwaka 1776, na mlango ule ukafungwa. Magereza ya Uingereza yalijaa hata wafungwa wakalazwa ndani ya merikebu mbovu zilizofungwa mtoni Thames, zisizoweza tena kusafiri. Mwaka 1786 Serikali ikakata shauri: watapelekwa Australia, katika ghuba ambayo nahodha James Cook aliifika mwaka 1770, ambako hapakuwa na Mwingereza hata mmoja.

Miongoni mwa merikebu zilizokodiwa kwa kazi hiyo ilikuwamo moja iliyoitwa Scarborough. Iliundwa mwaka 1782 katika mji wa bandari wenye jina hilo hilo, kaskazini mashariki mwa Uingereza. Ilikuwa na milingoti mitatu na ujazo wa tani 400 na kitu. Haikuwa manowari wala haikuwa na fahari yo yote. Ilikuwa ni merikebu ya biashara, na nahodha wake aliitwa John Marshall. Kwa safari hii ngama yake iligawanywa kwa mbao nzito, milango ya kushukia ikatiwa makomeo, na mahali palipozoea kubeba bidhaa pakawekwa wanaume zaidi ya 200.

Tarehe 13 Mei 1787 merikebu 11 zilitoka Portsmouth chini ya amri ya Kapteni Arthur Phillip. Ndani yake walikuwamo wafungwa zaidi ya 700, wanaume na wanawake, pamoja na askari, mabaharia na watoto. Wengi wao walikuwa wezi wa vitu vidogo. Mmoja alikuwa kijana aliyekuwa akifagia mabomba ya moshi ya nyumba. Alihukumiwa kwa wizi wa nguo na bastola alipokuwa na umri wa miaka 9 tu, naye alikuwa amefikia kama miaka 13 merikebu zilipotia nanga Australia. Siku chache baada ya kutoka bandarini ilisemekana kwamba wafungwa wa Scarborough wamefanya njama ya kuiteka merikebu. Wawili waliodhaniwa kuwa vichwa vya shauri hilo walichapwa viboko wakahamishiwa merikebu nyingine, na safari ikaendelea.

Walipitia Tenerife, wakavuka hadi Rio de Janeiro, wakarudi tena upande wa Afrika hata Rasi ya Tumaini Jema, ndipo wakaelekea mashariki katika bahari isiyo na kisiwa. Ilikuwa ni safari ya zaidi ya miezi minane. Walakini Phillip alikuwa mtu mwangalifu. Kabla ya kuondoka alidai chakula cha kutosha, na katika kila bandari alinunua nyama na matunda ili kiseyeye kisiwaangamize watu. Kwa hiyo waliokufa njiani walikuwa wachache kwa kadiri ya siku zile. Scarborough ilifika Botany Bay tarehe 19 Januari 1788, na siku ya 26 bendera ikatwekwa Port Jackson, mahali ambapo leo ni mji wa Sydney.

Merikebu ilipokwisha kuwashusha wafungwa haikurudi Uingereza mikono mitupu, kwa maana mfanyabiashara hapendi chombo chake kitembee bure. Mwezi wa Mei 1788 Scarborough iliondoka pamoja na merikebu iitwayo Charlotte ya nahodha Thomas Gilbert, zikashika njia ya China kwenda kupakia chai. Njiani zilipita katika visiwa ambavyo baadaye viliitwa kwa majina ya manahodha hao wawili: visiwa vya Marshall na visiwa vya Gilbert. Visiwa vya Gilbert sasa ni sehemu ya nchi ya Kiribati, lakini jina la Marshall lingali katika ramani. Msomaji na alikumbuke jambo hili la chai. Ngama ile ile iliyopeleka watu waliofukuzwa ilirudi na majani ya chai, na chai itaonekana tena katika habari hizi kabla hazijaisha.

Safari ya pili ya Scarborough ndiyo iliyoiletea jina baya. Mara hii Serikali ilifanya mapatano na kampuni ya Camden, Calvert na King ya London, kampuni iliyokuwa imezoea biashara ya watumwa. Mapatano yalikuwa kwamba kampuni italipwa pauni 17, shilingi 7 na peni 6 kwa kila mfungwa aliyepakiwa. Na aliangalie neno hilo vizuri mwenye kusoma: aliyepakiwa, si aliyefikishwa. Mfungwa akifa katikati ya bahari, malipo yake yamekwisha kupatikana, na chakula ambacho angalikila kinabaki ghalani. Mtu aliye hai alikuwa gharama, na maiti alikuwa faida.

Matokeo yakawa kama mapatano yenyewe. Merikebu tatu, Neptune, Surprize na Scarborough, ziling'oa nanga mwezi wa Januari 1790. Wafungwa walitiwa pingu za namna zilizotumiwa kwa watumwa, chuma kifupi kati ya miguu miwili, hata mtu hakuweza kujinyosha wala kwenda bila kujiumiza. Bahari ilipochafuka walilala katika maji yaliyoingia ngamani. Chakula kilipunguzwa. Inasimuliwa kwamba wengine walificha kifo cha mwenzao waliyefungwa naye ili waendelee kupata posho yake. Merikebu hizo zilipofika Port Jackson mwishoni mwa Juni 1790, katika wafungwa kama 1,000 waliopakiwa katika msafara huo, karibu robo walikuwa wamekwisha kufa. Neptune peke yake ilipoteza zaidi ya watu 150. Katika Scarborough, kati ya wanaume wapatao 250, kama 70 hawakuiona nchi kavu.

Padre wa koloni lile jipya, Richard Johnson, alipanda merikebuni kuwatazama wagonjwa. Alishuka katika ngama ya Surprize akaona watu wamelala uchi, hawana nguvu hata ya kujigeuza. Alipofika Scarborough alitaka kushuka vile vile, lakini nahodha akamshauri asishuke. Ufuoni wengine walibebwa kama magunia, na wengine walikata roho walipopigwa na hewa safi. Habari hizi zilipofika London watu walikasirika. Donald Trail, nahodha wa Neptune, alishtakiwa, naye mwaka 1792 akaachiliwa. Walakini fundisho moja lilishikwa: baadaye Serikali ilibadili mapatano, ikawa sehemu ya malipo hutolewa kwa mfungwa aliyeshuka akiwa mzima, na waganga wakatiwa merikebuni wenye mamlaka ya kumkataza nahodha. Tangu hapo vifo vilipungua sana. Nahodha wa mwaka 1820 hakuwa lazima mwenye huruma kuliko yule wa mwaka 1790, lakini hesabu ya fedha ilikuwa imegeuzwa upande.

Adhabu hiyo iliendelea hadi mwaka 1868, merikebu ya mwisho, Hougoumont, ilipofika Australia ya Magharibi. Jumla ya waliopelekwa ni kama 162,000. Wengi walimaliza miaka yao, wakapewa cheti cha uhuru, wakawa wakulima na wafanyabiashara katika nchi ile. Lakini nchi ile ilikuwa na wenyewe, na wenyewe hawakuulizwa. Watu wa Eora, walioishi kandokando ya Port Jackson, waliona wageni wakishuka, wakikata miti na kuvua samaki wao. Na mwaka 1789, miezi 15 tu baada ya bendera kutwekwa, ndui iliwaua wengi mno. Kwa hiyo kila adhabu ya namna hii ina watu wa pande mbili: anayetupwa, na yule ambaye ametupiwa.

Waingereza walipoacha kuwahamisha wezi wao, hawakuacha kuhamisha. Walipopata makoloni katika Afrika ya Mashariki waliiona ni dawa nyepesi kwa mkubwa asiyetii. Kabaka Mwanga wa Buganda na Omukama Kabalega wa Bunyoro walikamatwa siku moja mwezi wa Aprili 1899, na baadaye wakapelekwa kwa merikebu mpaka visiwa vya Shelisheli. Mwanga alifia huko mwaka 1903. Kabalega alipewa ruhusa ya kurudi mwaka 1923, naye akafia Jinja, kabla hajaikanyaga tena nchi ya Bunyoro. Mwaka 1922 Harry Thuku aliondolewa Nairobi akapelekwa Kismayu. Na katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, visiwa vya Mageta na Saiyusi katika ziwa la Victoria vilifanywa kambi za kuwazuilia watu. Katika mambo hayo yote maji ndiyo yaliyokuwa ukuta wa gereza.

Habari ya Gwassi yaanzia mbali kidogo, katika nchi ya Wanandi na Wakipsigis. Huko ulikuwako ukoo uitwao Talai, ambao ndani yake hutoka orkoiyot, yaani mwenye kutabiri, kubariki vita na kutoa shauri katika mambo makubwa. Maofisa walipenda kuwaita laiboni, neno la Kimasai. Orkoiyot Kimnyole aliuawa na Wanandi wenyewe mwaka 1890, nao wanawe wakatawanyika: Koitalel arap Samoei akabaki Nandi, na Kipchomber arap Koilegen akaenda kwa Wakipsigis. Koitalel aliwaongoza Wanandi katika kuizuia njia ya reli isipite nchi yao kwa amani, mpaka tarehe 19 Oktoba 1905, Kapteni Richard Meinertzhagen alipomwua kwa risasi mahali walipokutana kwa maneno ya suluhu.

Tangu siku ile ukoo wa Talai ulitazamwa na Serikali kwa jicho la shaka. Mwaka 1914 Koilegen pamoja na ndugu zake walihamishwa mpaka nchi ya Wakikuyu, na Koilegen akafia katika uhamisho. Mwaka 1923 Barserion arap Manyei, mwana wa Koitalel, alikamatwa kabla ya sherehe kubwa ya Wanandi ya kukabidhiana rika, kwa kuwa maofisa walihofu kwamba ni mwanzo wa vita. Alipelekwa Meru. Baadaye aliwekwa Mfangano, kisiwa ambacho hakifikiki ila kwa chombo. Uhamisho na kifungo chake vilidumu kwa muda wa miaka 40 hivi, naye mara nyingi hutajwa kuwa ndiye Mkenya aliyezuiliwa muda mrefu kuliko wote kwa ajili ya mambo ya utawala. Alifariki mwaka 1974.

Wakati huo nchi ya Kericho ilikuwa inageuka. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ardhi nyingi ya Wakipsigis ilikatwa ikapewa walowezi, na katika miaka ya 1920 kampuni kubwa za chai zikaingia na kupanda vilima vizima. Ndiyo chai ile ile ambayo Scarborough ilikwenda kuipakia China. Sasa Waingereza walikuwa na nchi yao ya kuilimia. Mifugo ya walowezi ilipoibwa, maofisa walisema kwamba laiboni ndio wanaobariki wezi na kupokea sehemu yao. Inawezekana wako waliofanya hivyo. Lakini kumthibitishia mtu mmoja kosa lake mahakamani kwahitaji shahidi, na mashahidi hawakupatikana. Ndipo ikatafutwa njia isiyohitaji shahidi.

Njia hiyo ilikuwa ni Sheria ya Kuwahamisha Malaiboni ya mwaka 1934. Kwa sheria hiyo haikuwa lazima mtu awe ameiba ng'ombe, wala awe amemtuma mwizi. Ilitosha kuwa amezaliwa Talai. Kati ya mwaka 1934 na 1937 watu wapatao 700, wazee na vijana, wake na watoto, waliondolewa Kericho wakapelekwa Gwassi, mwendo wa zaidi ya kilometa 100 hata kama mtu angeruka kama ndege. Walikatazwa kurudi kwao.

Kwa nini Gwassi ikachaguliwa? Kwa sababu zile zile zilizoifanya Botany Bay ichaguliwe: ni mbali, na kutoka kwake ni shida. Milima yenyewe ni mabaki ya volkano ya kale ijulikanayo kama Kisingiri, iliyozimika zamani sana, ambayo majivu yake ndiyo yaliyohifadhi mifupa ya wanyama wa kale inayochimbwa Rusinga. Upande mmoja ni ziwa. Upande wa pili ni bonde la Lambwe, lililojulikana kwa mbung'o na ugonjwa wa malale, hata sehemu yake kubwa ikaachiwa wanyama. Sehemu hiyo ilifanywa hifadhi mwaka 1966, na leo ndiyo mbuga ya Ruma, penye korongo wasioonekana mahali pengine katika Kenya. Wakipsigis ni watu wa ng'ombe na wa baridi ya vilimani. Kumpeleka mfugaji kwenye mbung'o ni kama kumpeleka mvuvi jangwani. Katika ushahidi wao walioutoa baadaye, wahamishwa wametaja malaria, mbung'o, mifugo iliyokufa, na makaburi waliyoyaacha nyuma.

Nao wenyeji, je? Abasuba wa Gwassi, Mfangano na Rusinga wana habari yao wenyewe ya kuhama. Wazee wao husimulia kwamba mababu walivuka ziwa kwa mitumbwi kutoka upande wa Buganda na Busoga, wakiikimbia fitina ya nyumba ya kifalme. Na wenye kuandika tarehe huiweka safari hiyo katika karne ya 18, yaani karne ile ile ya Scarborough. Kwa hiyo, wakati wezi wa London walipokuwa wakisukumwa ngamani kwa nguvu, watu wengine walikuwa wakipiga makasia katika ziwa hili kwa hiari yao, wakitafuta kisiwa cha kuwasitiri. Mababu wa Abasuba walikimbilia Gwassi kama kimbilio, na vizazi vichache baadaye nchi hiyo hiyo ikafanywa kifungo cha wengine. Wenyeji hawakuitwa barazani kuulizwa kama wanayo nafasi ya watu 700. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini wageni hawa hawakuja kwa siku mbili, wala hawakujua watarudi lini.

Hapa ndipo yafaa kuzilinganisha habari hizi mbili. Mwizi aliyetiwa katika Scarborough aliteswa kuliko binadamu anavyostahili, na katika safari ya mwaka 1790 maisha yake yalikuwa na thamani chini ya posho yake. Hata hivyo alikuwa na vitu viwili ambavyo mtu wa Talai hakupewa. Kwanza, alisimama mbele ya jaji, akasomewa kosa lake kwa jina lake mwenyewe. Pili, adhabu yake ilikuwa na hesabu: miaka 7, au 14, au maisha, na hata aliyepewa maisha, mtoto wake aliyezaliwa Australia alizaliwa huru. Mtoto wa Talai aliyezaliwa Gwassi mwaka 1935 alikuwa mhamishwa tangu siku aliyokatwa kitovu. Alikuwa na miaka 27 watu wake waliporuhusiwa kurudi mwaka 1962. Tangu mwaka 1934 hata 1962 ni miaka 28, yaani mara nne ya miaka 7 ambayo mwizi wa London alipewa kwa kuiba.

Sheria ikimwadhibu mtu kwa tendo lake yaweza kuwa kali, yaweza hata kuwa katili, lakini yaacha mlango: mtu aweza kujizuia asitende. Sheria ikimwadhibu kwa kuzaliwa haiachi mlango wo wote, kwa kuwa hakuna awezaye kujizuia asizaliwe. Kosa hili si la Waingereza peke yao. Liko katika kila kijiji ambamo mtu husemwa, "Wale wa ukoo fulani ni wachawi," au "Wale ni wezi tangu babu yao," na binti akakataliwa kuolewa, au mjane akachomewa nyumba. Tofauti ni kwamba kijiji hakina mhuri wala gazeti la kuitangazia sheria yake.

Kurudi nako hakukuwa kama walivyotumaini. Waliporudi Kericho walikuta ardhi imekwisha kugawanywa, kwingine chai, kwingine mashamba ya majirani. Wengi waliishia katika vijumba vya kandokando ya mji, hawana shamba. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, husema mabaharia wa pwani. Lakini hawa walirejea wakaikuta ngama imejaa shehena ya wengine. Uhuru wa mwaka 1963 ulipita juu ya vichwa vyao bila kuwapa mahali pa kuchimbia nguzo. Miaka mingi baadaye ndipo madai yao yalipoanza kusikilizwa. Mwaka 2019 Tume ya Ardhi ya Taifa ya Kenya iliyakubali malalamiko ya Wakipsigis na Talai kwamba walidhulumiwa. Mwaka 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa waliiandikia Serikali ya Uingereza juu ya jambo hilo, na mwaka 2022 mashtaka yakapelekwa katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Wengi wa waliopelekwa Gwassi wakiwa watu wazima hawakuishi hata kuiona siku hiyo.

Australia imezitunza habari za wafungwa wake. Majina yao yameandikwa katika vitabu, makosa yao, merikebu zao na siku walizoshuka. Na siku hizi mjukuu wa mwizi wa Scarborough hujivuna kulitaja jina lake, jambo ambalo babu zake walilificha kwa aibu. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu kila mfungwa aliandikwa: jina, umri, kosa na muda wa adhabu. Za Gwassi ni haba. Idadi hutajwa kwa jumla, kama mtu ahesabuye mifugo, na majina mengi yamo katika vinywa vya wazee tu, nao wazee hawakai.

Basi kazi imebaki kwa watu wa Homa Bay na Migori kama ilivyobaki kwa wale wa Kericho. Abasuba walioishi karibu na wahamishwa wanajua ni bonde lipi lilipewa nani, ni mti gani uliotumiwa kuwa baraza, na ni mahali gani palizikwa wageni wasio na ndugu karibu. Mwalimu wa shule ya Magunga au ya Karungu, akiwatuma wanafunzi wake waende na daftari kwa babu na nyanya zao, aweza kukusanya katika likizo moja mambo ambayo hayamo katika faili la Serikali yo yote. Wamwulize mzee majina, si idadi. Wamwulize alikuja na nani, alipanda nini mwaka wa kwanza, jirani gani alimpa mbegu, na mtoto yupi alibaki kaburini alipoondoka. Mfungwa wa mwaka 1787 aliandikwa na karani aliyemdharau, na karatasi hiyo hata leo yamtolea ushahidi. Wa Gwassi nao wastahili karani, ingawa amechelewa.